Maji Yamekuwa Meupe Kama Tui

Shangazi wa Matangi anajibu barua za wasomaji wanaofuga samaki nyumbani

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu amenizawadia tangi la kioo, urefu sentimita 60, upana 30, kimo 35. Jumamosi saa nne asubuhi nilichota maji Coco Beach, nikachuja kwa kitambaa, nikajaza. Jumapili nikaweka samaki watano niliouziwa na vijana ufukweni: wawili wa rangi ya chungwa wenye mstari mweupe mgongoni na watatu wadogo wa bluu. Jumatano maji yakawa meupe kama tui. Ijumaa nikamwaga yote, nikasugua mchanga na mawe kwa maji ya bomba, sponji ya chujio nikaifua mpaka ikatakata, nikajaza maji mapya. Yaling'aa! Lakini kufika Jumatatu wawili wa bluu walikuwa wamekufa, Jumanne akafuata wa tatu. Hawa wa chungwa wako juu kabisa ya maji, wanahema. Maji nayaona safi. Nimekosea wapi? — Mama wa Wawili, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Wewe nilishakujibu kwa simu, maana gazeti linatoka mara moja kwa mwezi na samaki anayehema hangoji mwezi. Hao wawili wangali hai ninapoandika. Lakini barua za tui kama yako nimepokea tano, basi nairudia hapa kwa ajili ya wenzako.

Nilichokwambia kwenye simu ni hiki. Toa lita 15, rudisha lita 15 za maji safi ya bahari yenye joto lilelile, umimine polepole. Weka pampu ya hewa itoe mapovu majini usiku na mchana. Usiwape chakula siku mbili. Samaki mzima hafi kwa kufunga siku mbili. Sponji usiiguse. Kesho yake rudia lita 15, na keshokutwa, mpaka kipimo cha amonia, sumu inayotoka kwa samaki wenyewe, kirudi kwenye rangi yake ya njano. Ulilalamika kwamba hayo ni madumu mengi. Ni mengi kweli, lakini ndiyo bei ya ile Ijumaa.

Sasa tuzungumze kuhusu Ijumaa hiyo. Samaki wa baharini hutoa amonia hasa kwenye matamvua, anapopumua, kwa hiyo hata usipomlisha bado anaitoa. Haina rangi. Ukitazama kioo unaona maji yanayong'aa, na samaki ndani yake anaungua matamvua. Huko baharini inapotea kwenye maji yasiyo na mwisho. Kwako ipotelee wapi? Tangi lako ukilijaza hadi sentimita 30 ni lita 54, na ukitoa nafasi ya mchanga na mawe zinabaki kama 45. Ni ndoo mbili na kidogo, na humo uliweka samaki watano siku ya pili.

Wa kuiondoa amonia ni bakteria. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka siku yako ya kubadilisha maji. Hawa hawaelei sana majini. Hujibandika kwenye mawe, kwenye mchanga na zaidi kwenye sponji, na huzaana taratibu mno: kuongezeka mara mbili huwachukua saa nyingi, pengine siku nzima. Wale bakteria wa kuozesha huongezeka mara mbili ndani ya muda usiotimia saa moja, ndiyo maana walitangulia. Tui uliloliona Jumatano lilikuwa wao. Ungewaachia hewa ya kutosha na kupunguza chakula, lingejikata lenyewe baada ya siku chache. Wewe ukaleta maji ya bomba yenye klorini, na ile takataka ya kahawia uliyoifua kwenye sponji ndiyo iliyokuwa imeanza kuwalinda wanao.

Watu waliozoea samaki wa maji matamu huniambia, mbona mimi nilijaza siku moja na wote wakaishi? Maji ya bahari yana pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ya 8.1 mpaka 8.3, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa kwenye ile hali inayodhuru. Kutoka pH ya 7.2 hadi 8.2, kwa amonia ileile, sumu huongezeka kama mara 10. Joto letu la Dar nalo linaisukuma juu. Kwa hiyo kosa ambalo kwenye maji matamu lingeishia kwa samaki kununa, kwetu linaishia kwenye mazishi.

Kuna jambo la pili ambalo hukuniuliza, ila nimelisoma katika barua yako: saa nne asubuhi. Nilipokuuliza kwenye simu ni Jumamosi ipi, ukanitajia, nikaangalia kalenda yangu: mwezi ulikuwa mpevu. Baba yangu alikuwa mvuvi wa madema Kunduchi, na alitazama mwezi kabla ya kutazama saa. Bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, ikifika Dar, maji hujaa kwenye saa kumi na hupwa kwenye saa nne, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Wewe ulichota wakati bahari imerudi nyuma na iliyobaki ufukweni ni masalia yaliyochanganyika na maji ya mitaro. Tena hapo kusini yako kidogo, penye daraja la Selander, Mto Msimbazi unamwaga kila ulichobeba kutoka mjini, na wiki ile ilinyesha.

Mimi huchota saa kumi alasiri ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, siku tatu au nne baada ya mvua ya mwisho. Mpwa wangu ana boti, hunichotea mbali na mlango wa mto kabisa. Asiye na boti aende upande ulio wazi wenye mawimbi, ajitose mpaka kifuani, achote chini ya uso wa maji, kwa sababu mafuta ya boti na mapovu huelea juu. Wakati wa masika sichoti kabisa. Hapo naishi kwa akiba: madumu 6 yaliyofunikwa kabatini, gizani, niliyoyajaza Februari. Nikitaka kutumia, nayapuliza hewa usiku mzima kwanza.

Na dumu lenyewe! Usinunue lililokuwa na mafuta ya kula. Nimeliosha moja kwa maji ya moto, kwa limau, kwa majivu, na bado liliacha ngozi ya mafuta juu ya tangi. Wala ndoo ya bati usitumie. Zinki na shaba ni sumu kwa kamba, konokono na ndugu zao wote.

Mawe pia uliniuliza kwenye simu. Usiende kuyang'oa Bongoyo wala Mbudya. Hivyo visiwa ni hifadhi tangu 1975 na hakichukuliwi kitu, hata kama baharia anakwambia anamjua mtu. Nenda kwenye machimbo ya mawe ya matumbawe huku nchi kavu, yale tunayojengea. Yalikuwa bahari zamani sana. Chagua yenye matundu mengi, ambayo hayajaguswa na saruji wala chokaa ya kuchoma, yasugue, yaloweke wiki nzima ukibadilisha maji. Hayana bakteria bado, lakini matundu yake ndiyo nyumba watakayohamia.

Ukianza upya siku nyingine, anza bila samaki. Tangi langu hili nililo nalo lilianza na kipande kimoja cha kamba mbichi, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kikiozea ndani ya soksi ya nailoni. Daftari langu linasema: siku ya 4 amonia imeonekana. Siku ya 11 imefika miligramu 3 kwa lita, juu kuliko wakati wowote. Siku ya 13 nitriti imejitokeza. Siku ya 20 nimechoka, nimetaka kununua samaki, dada amenizuia. Siku ya 27 amonia sifuri. Siku ya 34 nitriti sifuri, nitrati 30. Nikabadilisha nusu ya maji, siku ya 36 akaingia samaki mmoja. Mmoja, mwanangu. Wa pili alisubiri wiki tatu tena, kwa sababu bakteria hulingana na walaji waliopo, ukiongeza mdomo nao lazima waongezeke.

Kwa hawa wawili wako, tangi litakomaa wakiwa ndani, na mzigo wote ni wako: pima kila jioni, badilisha kila amonia inapopita miligramu 0.25 kwa lita. Waliobaki wamezoea kuishi kwenye anemoni, kiumbe laini cha baharini chenye minyiri, huko kwao, lakini usiwaletee. Nyumbani wanaishi bila yake, na anemoni ikifia ndani ya lita 45 huoza kwa usiku mmoja ukarudi Jumanne yako ileile. Kila wiki badilisha lita 5. Sponji isuuze mara moja kwa mwezi, kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, ukiikamua mara mbili tatu tu, irudi ingali chafu kidogo.

Umeme ukikatika, au luku ikiisha usiku wa manane, chukua kata ya kifuu, chota maji na kuyamimina kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Wenye uwezo wana pampu ya betri. Kata haijawahi kuniangusha. Na siku ya kupuliza dawa ya mbu, zima pampu ya hewa, funika tangi kwa nailoni, fungua madirisha. Mimi nilipoteza samaki saba kwa kopo moja la dawa chumbani, na aliyepuliza alikuwa ananionea huruma kwa mbu.

*Salamu Shangazi. Mimi naishi Kisauni, bahari iko karibu sana. Tangi langu la lita 50 hupungua kama nusu lita kila siku kwa sababu ya feni, nami huongeza maji ya bahari kufidia. Hii ni wiki ya tatu. Konokono wamejifungia ndani na samaki wamepoa. Amonia ni sifuri. Sasa tatizo ni nini? — Jirani wa Bahari, Mombasa*

Jirani, yanayopaa ni maji peke yake. Chumvi haipai. Kila nusu lita uliyofidia kwa maji ya bahari umeongeza gramu 17 na nusu za chumvi juu ya ile iliyokuwamo. Piga hesabu ya siku 21, unapata gramu 367 na ushee, ndani ya lita 50. Ulianza na gramu 35 kwa lita, sasa uko kwenye 42. Bahari ya Sham yenyewe, inayosifika kwa chumvi, ni kama 40.

Fidia ya maji yaliyopaa ni maji matamu, kila siku, kabla hayajashuka upana wa kidole. Yasiwe ya bomba moja kwa moja. Ya kunywa ya yale madumu makubwa yanafaa. Piga mstari wa kalamu kwenye kioo, ukiona maji yako chini yake ongeza mpaka mstarini.

Kushusha hiyo 42 usifanye kwa siku moja, viumbe vitapasuka kwa mshtuko. Kila siku toa lita moja na nusu ya maji ya tangi, rudisha lita moja na nusu ya maji matamu, mbali na ile nusu lita ya kawaida. Siku ya sita utakuwa umerudi 35. Konokono watakuambia wenyewe, watafungua mlango.

Najua utasema huna kipima chumvi. Una mizani ya jikoni, ile ya kidijitali inayosoma gramu moja moja? Chukua chupa ya lita moja na nusu, ijaze maji ya kunywa mpaka mdomoni kabisa, pima. Mwaga, ijaze maji ya tangi mpaka mdomoni, pima. Maji yote mawili yawe na joto moja. Bahari ya kawaida itazidi kwa gramu 40 hivi. Ya kwako leo nadhani itazidi kwa 47. Si kipimo cha maabara, lakini kingekushtua katika wiki ya kwanza.

Feni usiizime. Machi yetu ya pwani hutia tangi kwenye digrii 31 na 32, na feni inayopuliza juu ya maji hushusha mbili au tatu. Ndiyo hiyohiyo inayokunywea maji.

*Shangazi, wiki ya tatu, hakuna samaki ndani bado, mchanga na kioo vimepata utando wa kahawia kama kutu. Nitupe mchanga? — Kijana wa Tanga*

Usitupe kitu. Ni mwani mdogo uitwao diatomu, hula silika iliyomo kwenye maji na mchanga mpya. Ukiisha chakula utaisha nao. Futa kioo cha mbele upate kuona, basi.

*Shikamoo Shangazi. Mimi niko Dodoma, bahari naiona likizo tu. Sokoni Majengo kuna chumvi ya mawe, muuzaji anasema ya Bagamoyo, imekaushwa kwa jua kutoka baharini. Nikiiyeyusha gramu 35 kwa lita si nitapata bahari? — Mgogo Mwenye Ndoto*

Marahaba. Ndoto nzuri, na swali lako ni la mtu anayefikiri. Jibu ni hapana, na ukienda kwenye mashamba ya chumvi utaiona sababu kwa macho. Maji huingizwa kwenye bwawa la kwanza, la pili, la tatu, yakizidi kuwa mazito. Kwenye mabwawa ya mwanzo inatuama jasi, na hiyo ndiyo imebeba sehemu kubwa ya kalisi (kalsiamu). Ndipo yanahamishiwa kwenye bwawa la kukaushia, chumvi nyeupe inashika chini, wanaikokota. Maji yanayobaki juu ni machungu ulimi unakataa, na wanayamwaga. Uchungu ule ni magnesi. Kwa hiyo gunia la muuzaji wako limetoka baharini kweli, ila limeachwa bila kalisi na bila magnesi, makusudi, kwa sababu mlaji wa ugali hazihitaji.

Katika gramu 35 za chumvi zilizo kwenye lita ya maji ya bahari, klorini na sodiamu ni kama gramu 30. Zilizobaki ni salfeti, magnesi gramu 1.3, kalisi 0.4, potasiamu 0.4, na vitu vingi vidogo. Samaki kwenye chumvi tupu atakaa siku chache akikonda. Konokono na kamba hawatafika hapo. Na hata hilo la Bagamoyo ningeliuliza mara mbili, Dodoma hupokea pia chumvi ya Uvinza, ambayo inatoka kwenye chemchemi na haijaiona bahari. Madini joto yanayotiwa kwenye chumvi ya mezani, ambayo watu huniandikia kwa hofu, ni tatizo dogo kuliko haya yote.

Una njia mbili. Ya kwanza ni chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, inayochanganywa na madini yote. Tangi la lita 54 linataka kama kilo 2 kuanzia, na gramu 190 hivi kila wiki kwa lita 5 za kubadilisha. Ni ghali, na maji ya kuyeyushia lazima yawe yamechujwa vizuri, kwa sababu maji ya visima vya huko kwenu yana madini yake mengi tayari. Ya pili ni madumu kwa basi. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20 na nusu, kondakta atakutazama vibaya, lakini inawezekana.

Ningekuwa mimi, kijana wangu, ningeanza na samaki wa Ziwa Tanganyika. Kuna wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, familia nzima kwenye tangi kama la Mama wa Wawili, na kila mmoja na kombe lake analolipigania kwa mchanga na meno. Maji yao ni magumu, pH inapita 8.5, kwa hiyo amonia utaiogopa vilevile na kipimo utakinunua vilevile, ila hutahitaji gunia la mtu yeyote. Miezi sita ukiwa nao, uwe umekwisha kuzoea kupima, ndipo uniandikie kuhusu bahari. Katika barua hiyo weka namba za wiki nne za mwisho: amonia, nitriti, nitrati, joto. Picha ya samaki usitume.